Hali ya dharura ina mipaka: haki ambazo hata jeshi haliruhusiwi kuzigusa



Tarehe 6 Mei 2021, majimbo ya Ituri na Kivu ya Kaskazini yaliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, ule ambao makanisani na sokoni tunauita kwa jina lake la Kifaransa, état de siège. Ulitangazwa kwa siku 30. Watoto waliozaliwa mwezi ule walijifunza kutembea, kusema na kuimba nyimbo za ekodimu, na utawala huo ulikuwa ungali unaendelea.

Katika ziara zetu kwenye makusanyiko, maswali yanarudi yale yale. Askari anaweza kuingia nyumbani kwangu usiku? Kijana wangu anaweza kukaa kasho siku ngapi? Tukiuliza, si tutaitwa waasi? Na kuna swali moja ambalo washirika wanaliuliza kwa sauti ndogo baada ya ibada: Biblia si imesema tutii mamlaka?

Tunaandika makala hii ili kujibu maswali hayo kwa Katiba ya nchi, kwa historia ya Kanisa letu na kwa Maandiko. Hatuandiki kama chama cha siasa. Neno tunalotaka kila mshirika alishike ni hili: Katiba inairuhusu serikali kuchukua nguvu za pekee wakati wa hatari, lakini Katiba hiyo hiyo imeziwekea nguvu hizo mipaka. Na mipaka ambayo raia hawaijui haimlindi mtu.

Kwa nini wengi waliipokea

Tuanze kwa kusema kweli. Etat de siège haikuanguka kutoka mbinguni. Tangu Oktoba 2014 wakaaji wa Beni walikuwa wanazika ndugu zao waliouawa kwa panga na shoka. Kule Ituri, hasa Djugu, vijiji vizima vilikuwa vimekimbia. Wakati Rais Félix Tshisekedi alipotangaza kwamba magavana wa kiraia watapisha wanajeshi, washirika wengi walimshukuru Mungu. Mtu ambaye amelala porini na watoto wake hawezi kulaumiwa kwa kutamani ulinzi. Mtume Paulo mwenyewe anatuagiza tuwaombee wenye mamlaka ili tuishi maisha ya utulivu na amani (1 Timotheo 2:1-2).

Lakini kutamani ulinzi hakumzuii mtu kuuliza. Mwezi Juni 2022, mji wa Bunagana uliangukia mikononi mwa M23. Tarehe 15 Januari 2023, bomu lililipuka Kasindi katikati ya ibada katika kanisa la Kipentekoste, na watu zaidi ya 10 wakafa. Mambo hayo yalitokea chini ya état de siège. Kwa hiyo raia aliyetoa sehemu ya uhuru wake ili apate usalama ana haki ya kuuliza usalama uko wapi, na pia kuuliza kama uhuru wake utarudishwa.

Nini kilibadilika katika maisha ya raia

Kifungu cha 85 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinamruhusu Rais wa Jamhuri kutangaza hali ya dharura au état de siège, baada ya kushauriana na Waziri Mkuu na maspika wa Bunge na Seneti, wakati hatari kubwa inapotisha uhuru au umoja wa nchi au inapozuia kazi ya taasi­si zake. Amri za mwezi Mei 2021 zilifuata njia hiyo, nazo zilibadilisha mambo matatu makubwa.

La kwanza, wakubwa wa kiraia waliondolewa. Gavana, meya na msimamizi wa teritwari walipisha wanajeshi na polisi. Mabaraza ya jimbo yalisimamishwa. Kwa hiyo yule tuliyempigia kura hakuwa tena mahali ambapo tungeweza kumpelekea malalamiko yetu.

La pili, wakubwa wa kijeshi walipewa uwezo mpana: kupekua nyumba mchana na usiku, kuamuru silaha zirudishwe, kuzuia mwendo wa watu, na kukataza mikutano au maandishi ambayo wao wanaona yanaweza kuleta fujo. Hili linajibu swali la kwanza la washirika wetu. Ndiyo, chini ya amri hizo mkubwa wa kijeshi anaweza kuagiza nyumba ipekuliwe usiku. Lakini kupekua si kupora. Hakuna amri iliyompa askari ruhusa ya kuondoka na simu ya mama au na mbuzi wa jirani, wala ya kumgusa binti wa nyumba ile. Akifanya hivyo amefanya kosa la jinai kama mwizi mwingine yeyote, awe amevaa uniforme au hakuvaa.

La tatu, kesi za jinai za raia zilitolewa katika mahakama za kawaida zikapelekwa kwa mahakama za kijeshi. Jambo hili ndilo lililogusa watu wadogo zaidi. Mtu aliyegombana na jirani juu ya mpaka wa shamba, na ugomvi ukaishia kwa kupigana, alijikuta mbele ya auditora ya kijeshi. Mahakimu wa kijeshi walikuwa wachache, kazi yao ikawa nyingi, barabara ni mbaya, na mfungwa akangoja. Anayengoja ndani ya gereza lililojaa bila kuhukumiwa ameanza kulipa adhabu kabla mtu hajasema kama ana hatia.

Mambo ambayo hayaguswi

Sasa tufike kwenye kiini. Kifungu cha 61 cha Katiba kinataja haki ambazo haziwezi kuondolewa kwa namna yoyote, hata kama état de siège imetangazwa. Tunaomba wazee wa kanisa waziandike na kuzibandika pale washirika wanapoweza kuzisoma:

1. haki ya kuishi;
2. kutoteswa na kutotendewa kwa ukatili au kwa kudharauliwa utu;
3. kutofanywa mtumwa;
4. kutohukumiwa kwa kosa wala kupewa adhabu ambayo haikuandikwa katika sheria;
5. haki ya kujitetea na haki ya kukata rufaa;
6. kutofungwa gerezani kwa sababu ya deni;
7. uhuru wa mawazo, wa dhamiri na wa dini.

Tuangalie orodha hiyo polepole. Haki ya kuishi iko mbele ya zote: hali ya dharura haiwapi wanajeshi ruhusa ya kuua raia asiye na silaha. Haki ya rufaa inarudiwa tena katika kifungu cha 156. Kifungu hicho kinamruhusu Rais kupeleka kesi za raia kwa mahakama za kijeshi wakati wa vita au wa dharura, lakini kinasema wazi kwamba hawezi kusimamisha haki ya kukata rufaa. Na jambo la deni linawahusu wengi: mshirika anayewekwa kasho kwa sababu hajalipa likelemba au kodi ya nyumba amewekwa kinyume cha Katiba, hata wakati wa vita.

Pamoja na hayo, kuna vifungu vingine vitatu ambavyo kila familia inapaswa kuvijua. Kifungu cha 17 kinasema kwamba uhuru wa mtu ndio kanuni, kifungo ni jambo la pekee. Tena kinasema kwamba hakuna anayeshikwa kwa kosa la mtu mwingine. Kwa hiyo mama hawezi kufungwa kwa sababu mwanawe amekimbia, wala kijana hawezi kuitwa mwasi kwa sababu ya kabila lake au kijiji alikotoka. Kifungu cha 18 kinaagiza kwamba mtu aliyekamatwa aambiwe mara moja, katika lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake; aruhusiwe kuwasiliana na familia yake au wakili wake; na asikae mikononi mwa polisi zaidi ya saa 48. Saa hizo zikiisha, aachiliwe au apelekwe mbele ya mwenye mamlaka ya sheria. Hii haina maana kwamba kesi imekwisha. Ina maana kwamba askari aliyemkamata hawezi tena kuamua peke yake. Na kifungu cha 28 kinamwambia askari na mtumishi wa serikali kwamba halazimishwi kutii amri ambayo ni wazi kwamba inavunja sheria.

Mlango uliofunguliwa kwa siku 15

Walioandika Katiba walijua kwamba nguvu za pekee zina utamu wake. Ndiyo maana katika kifungu cha 144 waliweka muda: siku 30, na baada ya hapo hali ile inaisha yenyewe, isipokuwa Bunge na Seneti wakubali kuiongeza kwa siku 15. Waliweka muda mfupi ili kila baada ya wiki mbili wawakilishi wetu wakae wapime: hatari ingalipo? Dawa inafaa? Bunge linaweza hata kuimaliza saa yoyote kwa sheria.

Lakini kuongeza siku 15, mara 24 kwa mwaka, mwaka baada ya mwaka, kunageuza mapimo kuwa desturi. Kura inapigwa, mkono unainuliwa, na watu wanaendelea na ajenda nyingine. Hapo ndipo hatari kubwa inapokaa. Uhuru wa raia mara chache unapotea kwa siku moja na kwa kelele. Mara nyingi unapotea kwa kuongezwa siku 15, mpaka watu wanasahau jinsi mambo yalivyokuwa mbele.

Tena wanaouliza wanaanza kuonekana kama wakosaji. Vijana wa LUCHA waliokamatwa Beni mwezi Novemba 2021, wakipinga kwa amani kuongezwa kwa état de siège, walihukumiwa na mahakama ya kijeshi mwezi Aprili 2022 kifungo cha mwaka mmoja. Mtu anaweza kukubaliana nao au kuwapinga. Lakini tuone vizuri: walihukumiwa na wanajeshi kwa sababu waliuliza kama wanajeshi wanapaswa kuendelea kutawala.

Na tukumbuke Goma. Alfajiri ya tarehe 30 Agosti 2023, wanajeshi wa Walinzi wa Rais walifyatulia risasi waumini wa kikundi kimoja cha dini waliokuwa wanajitayarisha kuandamana dhidi ya MONUSCO. Maandamano yalikuwa yamekatazwa, na polisi mmoja pia aliuawa asubuhi ile. Serikali ilitangaza watu 43 waliokufa. Hesabu za baadaye zilipita 50. Kikundi kile hakikuwa katika Kanisa la Kristo Kongo, na mafundisho yake si yetu. Lakini haki ya kuishi haikuandikwa kwa ajili ya wenye mafundisho safi tu. Tunatambua pia kwamba mwezi Oktoba wa mwaka ule mahakama ya kijeshi iliwahukumu baadhi ya wanajeshi, na kanali mmoja alipewa adhabu ya kifo. Hukumu hiyo ilionyesha kwamba sheria inaweza kumfikia mwenye bunduki. Haikuwarudisha waliokufa, wala haikujibu kwa nini maandamano yaliyokatazwa yalikutana na risasi za vita.

Mwezi ule ule wa Oktoba 2023, Rais alitangaza kwamba état de siège italegezwa hatua kwa hatua, na kwamba maandamano ya amani yataruhusiwa. Kwa tangazo hilo serikali yenyewe ilikubali kwamba kamba ilikuwa imekazwa kupita kiasi.

Kanisa limeshapita njia hii

Wengine wanafikiri mambo haya ni mapya. Hapana. Miaka 100 kamili kabla ya 2021, nchi hii iliona raia akihukumiwa na mahakama ya kijeshi kwa ajili ya imani. Simon Kimbangu alikuwa mkristo wa misioni ya Wabatisti. Mwaka 1921 alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa huko N'Kamba, na watu wakamfuata kwa wingi. Serikali ya kikoloni iliona hatari kwa utulivu. Eneo lile likawekwa chini ya utawala wa kijeshi, na mwezi Oktoba 1921, huko Thysville, ambayo leo ni Mbanza-Ngungu, mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifo bila wakili wa kumtetea. Mfalme Albert wa Kwanza alibadilisha hukumu ikawa kifungo cha maisha. Kimbangu alikaa gerezani Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, miaka 30, akafia humo mwezi Oktoba 1951. Hakuwa ameshika silaha.

Tangu mwaka 2023, tarehe 6 Aprili ni siku ya mapumziko nchini kwa kumkumbuka Kimbangu. Ni jambo zuri. Lakini nchi inayomheshimu mtu aliyehukumiwa na wanajeshi bila wakili inapaswa kuwa ya kwanza kuogopa kumpeleka raia mbele ya wanajeshi.

Historia ya pili inatugusa sisi Waprotestanti wenyewe. Tarehe 31 Desemba 1971, serikali ya Mobutu ilitoa sheria juu ya dini iliyotambua makanisa matatu tu: Wakatoliki, Waprotestanti walio ndani ya Kanisa la Kristo, na Wakimbangu. Vikundi vingine vilipaswa kuingia humo au kufunga milango. Kwetu sheria ile ilionekana kuwa baraka, tulikuwa ndani. Lakini mkono uliofunga kanisa la jirani haukurudi mfukoni. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalikatazwa. Mwaka 1974 shule zetu zilichukuliwa na serikali, na Krismasi ikaondolewa katika siku za mapumziko. Shule zilirudishwa mikononi mwa makanisa kwa mapatano ya mwaka 1977, kwa sababu serikali ilikuwa imeshindwa kuziendesha.

Wazee wanasema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Injili inatutaka tupite hapo. Haitoshi kutia maji kichwani petu na kungoja zamu. Imetupasa kuuliza kwa nini jirani ananyolewa kwa nguvu.

Maandiko yanasema nini

Sasa tuje kwa lile swali la sauti ndogo. Warumi 13 inasema mamlaka imewekwa na Mungu. Ni kweli, na hatuiondoi. Lakini Paulo anaongeza kwamba mwenye mamlaka ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema yetu. Mtumishi ana bwana, na mtumishi hupewa kazi yenye mpaka. Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Katika Kumbukumbu la Torati 17, kabla Israeli hawajapata mfalme hata mmoja, Mungu aliandika mipaka yake: asiongeze farasi, asijilimbikizie fedha, na ajiandikie nakala ya sheria aisome siku zote za maisha yake, ili moyo wake usijiinue juu ya ndugu zake. Mfalme wa Biblia yuko chini ya sheria.

Tuangalie pia jinsi Paulo alivyoishi maneno yake mwenyewe. Huko Filipi alipigwa viboko bila kuhukumiwa. Wakubwa walipotaka kumwachilia kwa siri, alikataa, akataka waje wenyewe wamtoe (Matendo 16:37). Huko Yerusalemu, walipomfunga ili wampige, aliuliza kama ni halali kumpiga Mrumi asiyehukumiwa (Matendo 22:25). Mbele ya Festo alikata rufaa kwa Kaisari (Matendo 25:11). Yule yule aliyeandika Warumi 13 alijua haki zake, akazitaja kwa heshima, bila matusi na bila kurusha jiwe. Kwa hiyo mshirika anayemwuliza OPJ, kwa upole, ndugu yake amekamatwa kwa kosa gani, si mwasi. Anatembea katika nyayo za mtume.

Na kwa wanaofikiri kwamba kila kitu kilichofanywa kwa karatasi na muhuri ni halali, tunawapeleka kwa Nabothi, katika 1 Wafalme 21. Yezebeli hakumtuma mwizi usiku. Aliandika barua kwa jina la mfalme, akapiga muhuri, akaagiza mji utangaziwe mfungo. Mfungo wa watu wote ulitangazwa wakati wa hatari kubwa. Ulikuwa, tuseme, tangazo la dharura. Kikao kikakaa, mashahidi wawili wakasema, hukumu ikatoka, na Nabothi akauawa kwa mawe. Kila kitu kilionekana kufuata utaratibu, na mwisho wake ulikuwa shamba la mizabibu la mtu mdogo. Eliya hakuuliza kama muhuri ulikuwa wa kweli. Alimwuliza mfalme kama ameua na kumiliki.

Neno kwa walio chini ya utawala mwingine wa silaha

Tunajua kwamba tangu Januari 2025 ndugu zetu wa Goma, na tangu Februari 2025 wale wa Bukavu, wako mahali ambapo amri zinatolewa na AFC/M23. Wengine wako vijijini ambako mkubwa ni kikundi kilicho karibu na silaha siku hiyo. Hatutaki wafikiri kwamba makala hii haiwahusu.

Aliyeshika bunduki akibadilika, kipimo hakibadiliki. Hata mahali ambapo hakuna hakimu wa Jamhuri, kifungu cha 3 ambacho kiko sawa katika Mikataba yote minne ya Geneva ya mwaka 1949 kinafunga pande zote za vita vya ndani, jeshi la serikali na vikundi vyenye silaha pia. Kinakataza kuua wasiopigana, kutesa, kushika mateka, na kutoa hukumu bila mahakama ya kweli. Na juu ya mikataba hiyo kuna neno la kale kuliko yote, kwamba mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu (Mwanzo 1:27). Kwa ndugu hao tunaongeza busara: si kila ukweli unasemwa barabarani. Kuna wakati wa kunyamaza (Mhubiri 3:7). Lakini kukumbuka, kuandika na kuomba haviwezi kukatazwa na mtu.

Kusanyiko linaweza kufanya nini

Tunapendekeza mambo matano, ambayo hata kusanyiko dogo la kijijini linaweza kuyafanya.

Kwanza, kufundisha. Chagueni jioni moja ya mama, moja ya vijana na moja ya baba, msome pamoja vifungu vya 17, 18 na 61, kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani. Kama kuna mwanasheria katika kusanyiko, apewe nafasi hiyo.

Pili, kufuata aliyekamatwa siku ile ile. Mshirika akikamatwa, wazee wawili waende pamoja, si mmoja. Waulize jina la ofisi inayomshika, kosa analoshitakiwa, na saa aliyokamatwa. Waandike. Saa 48 zinahesabiwa na yule aliyeandika. Wakiombwa franga, waombe risiti. Amandi ya halali ina karatasi yake.

Tatu, kutembelea gereza. Bwana wetu alijihesabu pamoja na wafungwa (Mathayo 25:36). Chakula ni kizuri, lakini mpelekeeni mfungwa pia swali hili: faili yako imefika wapi? Mtu ambaye kanisa linamwuliza habari zake si rahisi kusahauliwa na mahakama.

Nne, kuwachunga wanajeshi. Askari na polisi wanaketi katika viti vyetu, na wake zao wanaimba katika kwaya zetu. Wengi wao wanapigana na njaa, na mshahara unachelewa. Askari walipomwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasimdhulumu mtu, wasimshitaki mtu kwa uongo, waridhike na mshahara wao (Luka 3:14). Neno hilo lihubiriwe bila hasira, pamoja na kuwaombea waliouawa kwa ajili yetu. Na tuseme pia kwa wakubwa kwamba asiyemlipa askari wake anamtuma kwa raia akajilipe.

Tano, kuwauliza wabunge. Wakirudi likizo, wanapenda kusalimia kanisani na kupewa kipaza sauti. Kabla ya kumpa, wazee wamwulize mbunge faraghani: ulipopiga kura ya kuongeza siku 15, ulikuwa umesoma ripoti gani? Ulimwuliza nani wa kwetu?

Hatusemi kwamba mambo haya matano yatamaliza vita. Vita vina mizizi mirefu: ardhi, madini, mipaka, na mioyo ya watu. Lakini siku vita vitakapokwisha, tutakaa katika nchi ile tuliyoijenga wakati wa vita. Kama tumezoea kwamba mtu anaweza kuchukuliwa usiku na hakuna anayeuliza, amani hiyo itakuwa ya makaburi.

Nabii Mika alikwisha kutuonyesha yaliyo mema ambayo Bwana anayataka kwetu: haki, rehema, na kutembea kwa unyenyekevu na Mungu (Mika 6:8). Haki bila unyenyekevu inakuwa fujo, na unyenyekevu bila haki unakuwa woga. Mungu awape makusanyiko yetu vyote viwili. Awakumbuke walio kasho bila kosa, awalinde askari wanaotenda haki, na awape wakubwa wetu moyo wa kusoma ile nakala ya sheria walioapa kuitii. Amina.